Siku saba bila bandari: biashara ya huduma katika meli za kuvuka Atlantiki

Mwaka 2023 kampuni ya Carnival, kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya meli za kitalii, iliingiza mapato ya dola za Marekani bilioni 21.6. Tiketi zilileta takriban bilioni 14. Bilioni 7.5 zilizosalia zilitokana kwa sehemu kubwa na mambo ambayo nauli haikuyagusa: vinywaji, kasino, intaneti, mikahawa ya kulipia, masaji, matembezi ya bandarini na maduka ya sitahani. Katika kila dola tatu zilizoingia, moja haikutoka kwenye tiketi.

Anayetaka kujua atarajie nini melini aanze na hesabu hiyo, hasa kama safari yenyewe ni ya kuvuka Bahari ya Atlantiki. Meli inayozunguka visiwa vya Karibi hufunga gati karibu kila asubuhi. Abiria hushuka, hula mjini, hununua kwa wachuuzi, na sehemu ya fedha zake hubaki nchi kavu. Meli inayokatiza bahari kuu haina pa kumshusha mtu. Kwa siku sita au saba mfululizo, watu elfu mbili na zaidi wako mikononi mwa kampuni moja, usiku na mchana. Kampuni hiyo inawalisha, inawalaza, inawatibu, inahakikisha hawachoki kwa kukaa bure, na kila saa ya siku zao ni nafasi ya kuuza kitu. Ndiyo maana huduma za safari hii ni nyingi, na ndiyo maana mipaka kati ya kilicholipiwa na kisicholipiwa inahitaji kusomwa kwa makini.

Safari za aina mbili

Mtu anayesema amevuka Atlantiki kwa meli ya starehe huenda amefanya moja ya mambo mawili yasiyofanana sana.

La kwanza ni safari ya moja kwa moja kati ya Southampton, Uingereza, na New York. Leo meli inayofanya kazi hiyo kwa ratiba ya kudumu ni moja tu, Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, ambayo nayo iko chini ya Carnival. Ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi Januari 2004. Ina urefu wa mita 345, inachukua abiria wapatao 2,700 na wafanyakazi zaidi ya 1,200. Mbunifu wake, Stephen Payne, aliichora kwa ajili ya bahari hii hasa: chuma kinene, pua ndefu ya kupasua mawimbi, na mwendo wa karibu kilomita 55 kwa saa pale inapolazimika kukimbia. Hata bomba la moshi lilipimwa ili lipite chini ya daraja la Verrazzano-Narrows kwenye lango la New York, likibakiza mita chache tu. Safari huchukua usiku saba. Zamani ilikuwa sita. Kampuni ikapunguza mwendo, ikaokoa mafuta, na ikapata siku moja zaidi ya kuwa na wateja wake.

La pili ni safari ya kuhamisha meli. Makampuni kama Royal Caribbean, Norwegian, MSC na Princess hufanya kazi Karibi wakati wa baridi na Mediterania wakati wa joto, kwa hiyo kila mwezi wa Aprili na Mei baadhi ya meli zao huvuka kwenda Ulaya, na kila Oktoba na Novemba hurudi. Meli lazima ivuke, iwe na watu au iwe tupu. Mwenye meli huona afadhali auze vyumba kwa bei ya chini kuliko kusafirisha vitanda vitupu, na hapo ndipo penye nauli nafuu kwa siku kuliko karibu zote katika biashara hii. Safari kama hiyo huchukua usiku 12 hadi 16, na meli hupumzika Ponta Delgada katika visiwa vya Azores, Funchal katika Madeira au Santa Cruz de Tenerife kabla au baada ya kipande kirefu cha maji matupu.

Tofauti ya aina hizi mbili huonekana kwenye huduma. Queen Mary 2 imepangwa kwa watu waliokuja kwa ajili ya kuvuka kwenyewe. Meli inayohamishwa ni ileile ya Karibi, yenye mabwawa na mitelezo ya maji, ila sasa upepo ni mkali na watoto ni wachache, na abiria wengi ni wastaafu wenye muda.

Kilichomo ndani ya nauli

Samuel Cunard alipoanzisha huduma yake mwaka 1840, mteja wake mkubwa alikuwa serikali ya Uingereza, iliyomlipa abebe barua, na abiria walikuja baada ya barua. Meli ya Britannia iliondoka Liverpool tarehe 4 Julai mwaka huo ikiwa na ng'ombe mmoja wa kutoa maziwa. Charles Dickens alipanda Britannia hiyohiyo Januari 1842, akapigwa na dhoruba na kulalamikia udogo wa chumba chake. Huduma zilikua kadiri makampuni yalivyoshindania matajiri na wahamiaji, mpaka Oktoba 1958 ndege za jeti zilipoanza kuruka kati ya New York na Ulaya. Safari ya siku tano ikawa ya saa chache. Meli ambazo hazikuuzwa kama chuma chakavu zilinusurika kwa kubadili kile zinachouza: muda wa njiani ukawa ndio bidhaa.

Bidhaa hiyo huanza na chumba. Cha bei ya chini hakina dirisha; cha juu kina baraza, sebule na mhudumu wake binafsi. Katika Queen Mary 2, daraja la chumba huamua hata mkahawa ambamo abiria atakula: wengi hula Britannia, ukumbi mkubwa wenye ngazi pana, na waliolipa zaidi hula Princess Grill au Queens Grill. Mfumo huu wa madaraja, ambao meli nyingine ziliuacha na baadaye zikaurudisha kimyakimya kwa majina mengine, ni urithi wa enzi za wahamiaji na bado unaleta faida.

Mhudumu wa chumba hutandika kitanda, hubadilisha taulo na huacha karatasi ya ratiba ya kesho. Cunard bado husafisha chumba mara mbili kwa siku. Norwegian na Royal Caribbean zilipunguza hadi mara moja kwa vyumba vingi mwaka 2023, na wateja wa miaka mingi walilalamika sana. Ni vizuri mtu ajue hilo kabla hajalinganisha bei.

Chakula cha kawaida kimelipiwa: asubuhi, mchana na usiku, mezani au kwenye bafe, pamoja na maji, chai na kahawa ya kawaida. Hapa ndipo Queen Mary 2 inapojitenga na wenzake. Saa tisa na nusu alasiri milango ya ukumbi wa Queens Room hufunguliwa, wanamuziki huanza kupiga, na wahudumu waliovaa glavu nyeupe hutoka kwa mstari wakiwa na birika za chai, kisha sinia za vipande vya mkate vyenye tango na samaki, kisha skoni za moto zenye jemu na krimu nzito. Mhudumu mmoja hurudi na birika kabla kikombe hakijaisha. Hakuna bili. Ni saa nzima ya siku iliyojazwa kwa unga, maji ya moto na kazi ya watu, na abiria wengi huitaja kwanza wanapohadithia safari yao. Mfanyabiashara wa hoteli wa Zanzibar au Malindi anayetafuta namna ya kumfurahisha mgeni bila gharama kubwa angepata somo kamili katika saa hiyo moja.

Baada ya chai kuna maonyesho ya jukwaani, dansi, mihadhara ya wanahistoria, wanasayansi na wanadiplomasia wastaafu, ukumbi wa nyota wa kutazama mfano wa anga, ukumbi wa mazoezi, mabwawa ya kuogelea, na maktaba yenye maelfu ya vitabu na madirisha yanayotazama bahari. Vyote hivyo vimo ndani ya nauli. Jambo dogo lenye thamani kubwa kwa safari ndefu ni vyumba vya kufulia nguo: Queen Mary 2 inavyo, vyenye mashine na pasi, bure. Kwenye meli kadhaa za makampuni mengine hakuna kabisa, na nguo hupelekwa kwa dobi wa melini kwa bei ya kila kipande.

Mizigo pia ni huduma. Abiria wa Queen Mary 2 hana ukomo wa mabegi kama wa ndege, na ndiyo sababu baadhi ya wanaohama kati ya Uingereza na Marekani huichagua.

Wengine huichagua kwa ajili ya mbwa. Meli hii ndiyo pekee inayobeba wanyama wa nyumbani kwa ratiba ya kudumu kati ya mabara hayo mawili. Baada ya ukarabati wa mwaka 2016, vibanda viliongezwa kutoka 12 hadi 24. Viko sitaha ya juu, vikiwa na mtunzaji wake, uwanja mdogo wa kutembezea, na kwa ajili ya mahitaji ya mbwa kuna nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la New York, kila mbwa akute alichozoea. Mnyama haruhusiwi kulala chumbani. Mwenyewe humtembelea kwa saa zilizopangwa. Huduma hii ina bei yake, inayofika mamia ya dola kwa kibanda, na bado nafasi hujaa mapema mno. Kwa jicho la biashara, ni mfano bora wa kuona pengo: ndege nyingi huweka mbwa mkubwa kwenye sehemu ya mizigo, na mwenye mnyama yuko tayari kulipa ili aepuke hilo.

Kilicho na bili yake

Bili kubwa zaidi kwa abiria wengi ni vinywaji. Soda, juisi za baa, kahawa za mashine na pombe zote hulipiwa, na juu yake huongezwa ada ya huduma ya asilimia 15 hadi 20. Makampuni huuza vifurushi vya siku nzima, ambavyo kwa pombe huweza kuzidi dola 60 kwa mtu kwa siku, na mara nyingi watu wazima wote wa chumba kimoja hutakiwa kununua kama mmoja amenunua. Kifurushi hulipiwa kwa siku zote za safari. Kwa msafiri asiyekunywa pombe, na wako wengi katika pwani yetu, kifurushi hicho hakina maana. Aulize kile cha soda na kahawa, au aachane nacho na anywe chai ya bure.

Intaneti imebadilika. Hadi miaka michache iliyopita ilikuwa ya taratibu na ghali kupita kiasi, kwa sababu ilitegemea setilaiti chache za mbali. Kuanzia mwaka 2022 makampuni makubwa, Royal Caribbean ikitangulia, yalianza kufunga mitambo ya Starlink, inayotumia setilaiti nyingi za karibu, na sasa mtu anaweza kuzungumza kwa video akiwa katikati ya bahari. Bei haikushuka kwa kiasi hichohicho. Bado hutozwa kwa siku na kwa kifaa, na anayehitaji simu na kompyuta hulipa zaidi. Hatari iliyojificha ni mtandao wa simu wa meli yenyewe: simu isiyowekwa kwenye hali ya ndege hujiunga nao peke yake, na gharama za setilaiti hufika kwenye bili ya mwezi bila onyo.

Kisha kuna bakshishi. Katika meli nyingi kubwa za soko la Marekani haiachiwi hiari ya mkono: ada ya huduma ya takriban dola 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku huandikwa moja kwa moja kwenye akaunti, hata ya mtoto.

Tuchukue mfano wa wanandoa katika safari ya usiku 14. Ada ya huduma ya dola 18 kwa kila mmoja ni dola 504. Kifurushi cha vinywaji cha dola 70 kwa kila mmoja ni dola 1,960. Intaneti ya kifaa kimoja kwa dola 20 kwa siku ni dola 280. Jumla ni dola 2,744, kabla ya mkahawa wa ziada, picha, masaji au kasino. Katika safari za kuhamisha meli, nauli ya wawili katika chumba cha ndani wakati mwingine huwa chini ya jumla hiyo. Tangazo la nauli nafuu halisemi uongo, ila limesema nusu ya habari.

Melini hakuna fedha taslimu isipokuwa kasino. Kila kitu hulipiwa kwa kadi ya chumba, iliyounganishwa na kadi ya benki, na hesabu hufanywa mwisho wa safari, mara nyingi kwa dola. Mwenye kadi ya kawaida ya akaunti ya benki ajue kuwa kampuni inaweza kushikilia kiasi fulani cha fedha kwa siku kadhaa, zaidi ya alichotumia. Mtu aliyeacha salio dogo kwa ajili ya hoteli ya New York anaweza kushuka na kukuta kadi imegoma.

Anayesafiri peke yake hubeba mzigo wa pekee. Bei hupangwa kwa watu wawili katika chumba, na mmoja akikaa peke yake hulipa nyongeza inayoweza kufikia nauli nzima ya mtu wa pili. Queen Mary 2 iliongeza vyumba 15 vya mtu mmoja mwaka 2016. Ni vichache mno kwa mahitaji yaliyopo.

Saa, mavazi na ibada

Kati ya Southampton na New York kuna tofauti ya saa tano. Meli ikielekea magharibi, saa hurudishwa nyuma mara moja katika siku tano kati ya saba, na abiria hupata siku za saa 25. Wanafika Marekani bila ule uchovu wa ndege. Ikielekea mashariki, saa husogezwa mbele, kwa kawaida adhuhuri, na mchana hufupishwa kila mara. Mwenye nafasi ya kuchagua upande mmoja tu achague kwenda magharibi.

Jambo hili humgusa Muislamu kwa namna ya pekee, kwa kuwa nyakati za swala hubadilika kila siku pamoja na mahali meli ilipo. Simu hupata mahali ilipo hata bila intaneti, kwa hiyo programu ya nyakati na kibla ipakuliwe kabla ya kuondoka. Chakula cha halali hakipatikani kwa kuingia tu mkahawani. Kampuni huarifiwa wiki kadhaa kabla, kwa maandishi, na jibu lao lihifadhiwe. Samaki na vyakula vya mboga vipo kila siku. Kwa Wakristo, Cunard ina desturi ya nahodha mwenyewe kuongoza ibada ya Jumapili.

Kuhusu mavazi, meli za Karibi zimelegea sana. Queen Mary 2 haijalegea. Kuanzia saa kumi na mbili jioni sehemu kubwa ya meli hutaka mavazi nadhifu, na katika usiku saba huwa na jioni mbili za sherehe, ambapo wanaume huvaa suti nyeusi na wanawake magauni marefu. Vazi rasmi la taifa la mtu pia hukubaliwa. Asiyetaka hayo hula kwenye bafe, na hakuna anayemsumbua.

Hospitali iliyo mbali na hospitali

Hapa msafiri hapaswi kubahatisha. Kila meli kubwa ina zahanati yenye daktari na wauguzi, vitanda, dawa, mashine ya eksirei na vifaa vya dharura. Inatosha kwa homa, mifupa iliyovunjika, na kumtuliza mgonjwa wa moyo. Haitoshi kwa upasuaji mkubwa. Katikati ya Atlantiki helikopta za uokoaji hazifiki, na nahodha hana budi kuendelea mpaka awe karibu na Newfoundland, Halifax, Azores au Ireland. Huduma ya zahanati hulipiwa kwa viwango vya kibinafsi, na kumsafirisha mgonjwa hadi nchi kavu kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Bima ya safari inayotaja wazi matibabu ya baharini na uokoaji ni ya lazima kwa mtu mwenye akili ya kuhesabu.

Kwa sababu hiyohiyo makampuni mengi hayapokei mjamzito aliyefikisha wiki ya 24, na mtoto mchanga hupokelewa katika safari za kuvuka bahari akiwa ametimiza miezi 12, wakati katika safari fupi miezi sita hutosha.

Kulewa bahari hutokea, hasa njia ya kaskazini wakati wa baridi. Meli zina mapezi yanayotokeza ubavuni kupunguza kuyumba, na vyumba vya sitaha za chini katikati ya meli huyumba kidogo kuliko vya juu mbele. Anayejua tumbo lake ni dhaifu achague chumba kabla ya kuchagua dawa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba, na nahodha ana haki ya kubadili njia au kuruka bandari. Mkataba wa tiketi kwa kawaida haumpi abiria fidia zaidi ya kurudishiwa ada za bandari hiyo.

Zoezi la dharura ni la lazima kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Sheria za kimataifa za usalama baharini zilizaliwa na kuzama kwa Titanic mwaka 1912, na kanuni ya kufanya zoezi mapema kiasi hiki ilikazwa baada ya ajali ya Costa Concordia, Italia, mwaka 2012.

Karatasi kabla ya bahari

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoishi London, Minneapolis au Toronto wanaweza kufikiria safari hii kama njia ya kutembeleana na jamaa wa ng'ambo ya pili. Pasipoti ndiyo itakayoamua. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anayeondoka Southampton kwenda New York anahitaji viza ya Marekani kabla ya kupanda, na akitaka kurudi anahitaji ruhusa ya kuingia Uingereza tena. Katika safari za kuhamisha meli, kusimama Azores, Madeira au Tenerife ni kuingia eneo la Schengen la Ulaya, lenye viza yake. Kampuni humkataa gatini asiye na karatasi kamili, na nauli huwa imepotea. Na kwa kuwa meli haimsubiri mtu, anayekuja kwa ndege afike jana yake.

Walio Dubai wanaweza kuona sehemu ya ulimwengu huu bila viza nyingine wala mawimbi: Queen Elizabeth 2, iliyovuka Atlantiki kwa karibu miongo minne tangu 1969, imefungwa Port Rashid na tangu 2018 ni hoteli.

Wanaobeba sinia

Huduma zote hizi zinafanywa na watu. Wengi wametoka Ufilipino, India na Indonesia, na katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya nao wameonekana, MSC ikiwa miongoni mwa waajiri. Mikataba huwa ya miezi sita hadi tisa, ikifuatiwa na likizo ambayo mara nyingi haina mshahara. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unataka saa za kazi zisizidi 14 kwa siku wala 72 kwa wiki, au mapumziko yasipungue 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Hata ndani ya mipaka hiyo, ni kazi nzito, siku saba kwa wiki, mbali na nyumbani. Abiria anayekwenda dawati la wageni kuomba ada ya huduma ifutwe kwa sababu intaneti ilikatika anamwadhibu mtu asiyehusika na intaneti. Hasira yake aipeleke kwa kampuni, kwa maandishi, na bakshishi aiache.

Kwa kijana wa Mombasa, Tanga au Zanzibar anayeiona kazi hii kama mlango, njia ipo na inajulikana. Kwanza ni mafunzo ya msingi ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza na wajibu wa mtu melini. Bandari Maritime Academy ya Mombasa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam huyatoa. Kisha cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hizo tatu ndizo gharama ambazo Mkataba huo wa Kazi za Baharini unaruhusu baharia azibebe katika kuajiriwa. Viza ni juu ya mwenye meli.

Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Wakala anayedai "ada ya nafasi" au "ada ya usaili" ili akupeleke kwenye meli anavunja sheria, hata kama ofisi yake ina zulia na picha za meli ukutani. Usimlipe. Chukua jina lake na nakala ya barua yake, uzipeleke Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.